Kisunzi kitokacho sikioni na jinsi ya kukituliza nyumbani

Mama mmoja wa umri wa miaka 61 aliingia katika kliniki yangu akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Alitembea kama mtu aliyejitwika mtungi uliojaa pomoni: shingo imekazwa, macho yanatazama mbele, hageuki huku wala kule. Kwa muda wa miezi minne alikuwa akilala usiku ameketi kitini. Kila alipojaribu kulala kitandani na kugeukia upande wa kulia, chumba kizima kilianza kuzunguka, kitanda kikawa kama mashua iliyopigwa na wimbi, naye akachafukwa na moyo hadi kutapika. Alikuwa ameacha kwenda shambani, ameacha kwaya, na alikuwa ameanza kuyaamini maneno ya majirani kwamba amerogwa.

Binti yake alimwaga vidonge vya aina nne juu ya meza yangu. Kulikuwa na vya malaria, ingawa mama hakuwahi kupimwa damu. Kulikuwa na vya kuongeza damu na vya kuzuia kichefuchefu. Na kulikuwa na vya shinikizo la damu, au presha kama wengi wetu tunavyouita ugonjwa huo. Msomaji, hivyo vya mwisho nilikuwa nimeviandika mimi mwenyewe, siku moja ambapo foleni ilikuwa ndefu. Nilisikia neno "kizunguzungu", nikampima mara moja tu, nikaona kipimo kimepanda kidogo, nikaandika dawa. Sikumwuliza swali lililostahili kuulizwa kwanza: Mama, hicho kizunguzungu hukushika unapofanya nini?

Siku hiyo ya pili nilimwuliza. Ndani ya dakika kumi alikuwa ametibiwa, na hakumeza kidonge hata kimoja. Makala haya yanaeleza ni nini kilichokuwa kikimsumbua, jinsi wewe unavyoweza kukituliza nyumbani kikikupata, na dalili zipi zikitokea usijaribu kujitibu bali ukimbilie hospitali.

KIZUNGUZUNGU SI KIMOJA

Mtu anaposema ana kizunguzungu, huenda anazungumzia mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza ni kuhisi kichwa chepesi, macho kuingia giza na kutaka kuzirai, hasa anaposimama kwa ghafla. Aghalabu hali hii hutokana na upungufu wa maji mwilini, upungufu wa damu, njaa, matatizo ya moyo, au dawa za presha zilizozidi kipimo.

La pili ni kuyumba anapotembea bila kuona kitu chochote kikizunguka. Hili huwapata zaidi wazee, na wagonjwa wa kisukari ambao neva za miguu yao zimedhoofika.

La tatu ndilo tunalolizungumzia leo, nalo ni kisunzi. Mwenye kisunzi huona kuta, paa na kitanda vikizunguka ilhali vimetulia tuli, au huhisi ni yeye anayezungushwa. Kisunzi hutoka mahali pawili tu: sikio la ndani au ubongo. Kwa bahati njema, mara nyingi hutoka sikioni.

Ningependa pia kusahihisha jambo moja ambalo wengi huliamini. Presha iliyopanda kwa kawaida haina dalili yoyote. Huwezi kujua kuwa unayo kwa sababu kichwa kinazunguka, wala huwezi kujua kuwa huna kwa sababu kimetulia. Presha hujulikana kwa kupimwa, tena zaidi ya mara moja na kwa siku tofauti.

PIMAMAJI ILIYO NDANI YA SIKIO

Wengi wetu tunadhani kazi ya sikio ni kusikia tu. Ukweli ni kwamba sikio la ndani, lililofichwa katika mfupa wa fuvu, lina kazi ya pili iliyo muhimu vilevile: kuujulisha ubongo kichwa kimekaa vipi na kinaelekea wapi.

Bila shaka umewahi kumwona mwashi akiweka pimamaji juu ya ukuta ili ajue kama umenyooka. Kila sikio lina mirija mitatu myembamba iliyopinda kama nusu duara na kujaa majimaji, nayo hufanya kazi inayofanana na ile ya pimamaji. Mmoja hupima kichwa kinapoinama na kuinuka, mwingine kinapogeuka kushoto na kulia, na wa tatu kinapolalia begani. Unapogeuza kichwa, majimaji hayo husukuma vinyweleo vidogo mno vilivyo mwishoni mwa mrija, navyo hupeleka habari kwa ubongo. Ubongo hulinganisha habari za sikio la kulia na za kushoto, na zile za macho na miguu. Habari zikiafikiana, unatembea bila kufikiri. Zikipingana, unaona dunia inazunguka.

Kando ya mirija hiyo kuna kifuko kidogo chenye chembechembe za chokaa, ambazo tutaziita vijiwe. Ni vidogo kiasi kwamba huwezi kuviona bila hadubini. Vikiwa mahali pake vimenatishwa juu ya utando laini, na uzito wake huusaidia mwili kujua chini ni wapi na juu ni wapi.

VIJIWE VINAPOTOKA MAHALI PAKE

Shida huanza pale vijiwe vinapobanduka na kuingia katika mrija mmojawapo, aghalabu ule wa nyuma, kwa kuwa ndio ulio chini unapolala chali. Ukigeuza kichwa, vijiwe huteremka ndani ya majimaji na kuyavuta, hata baada ya kichwa kutulia. Sikio hilo huuambia ubongo kwamba bado unazunguka, huku sikio la pili na macho yakisema umetulia. Kisunzi huzuka papo hapo.

Kisunzi cha aina hii kina tabia zinazokitambulisha, nazo ni hizi:

Kwanza, huletwa na mkao wa kichwa. Hukushika unapolala, unapogeuka kitandani, unapoamka asubuhi, unapoinama kuwasha jiko au kusujudu, unapotazama juu ili kuteremsha kitu rafuni, au unapolaza kichwa nyuma kwa msusi ili uoshwe nywele.

Pili, huchukua muda mfupi. Huanza sekunde chache baada ya kichwa kusogea, hupamba moto, kisha hutulia kabla ya dakika moja kwisha. Mgonjwa anaweza kubaki na kichefuchefu na kuyumba kidogo kwa saa kadhaa, lakini mzunguko wenyewe hukoma.

Tatu, hakiharibu masikio. Husikii mvumo mpya sikioni, wala usikivu haupungui.

Hii ndiyo aina ya kisunzi cha sikio inayoonekana kwa wingi zaidi. Huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Huweza kufuata pigo la kichwa, mathalani baada ya kuanguka kutoka kwenye pikipiki, au kulala kitandani siku nyingi kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Mara nyingi, hata hivyo, hakuna sababu inayoonekana. Si uchawi, si laana, wala si dalili ya wazimu. Ni vijiwe tu.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Daktari Robert Bárány, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake kuhusu sikio la ndani, alikieleza kisunzi hiki mwaka 1921. Mwaka 1952, Margaret Dix na Charles Hallpike wa London walieleza kipimo cha kumlaza mgonjwa kwa haraka, kichwa kikiwa kimegeuzwa, ambacho madaktari hukitumia hadi leo. Kisha daktari mmoja Mmarekani, John Epley, akawaza hivi: ikiwa vijiwe viliingia mrijani kwa mwendo wa kichwa, basi kwa mwendo wa kichwa vinaweza kutolewa. Alitangaza mbinu yake rasmi mwaka 1992. Waswahili wangesema, dawa ya moto ni moto.

KABLA HUJAJITIBU, SOMA HAPA

Sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote katika makala haya. Kisunzi kinaweza kutoka ubongoni, na kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo huweza kuanza kwa kisunzi na kutapika. Usifanye zoezi lolote bali uende hospitali mara moja iwapo kisunzi kimeandamana na mojawapo ya dalili hizi:

• Ulimi kuwa mzito, maneno kutosikika vizuri au kushindwa kumeza.

• Uso kupinda, au mkono au mguu kulegea au kufa ganzi.

• Kuona vitu viwiliviwili, au kutoona.

• Kushindwa kusimama au kutembea bila kushikiliwa.

• Maumivu makali ya kichwa au ya shingo ambayo hujawahi kuyapata.

• Kuzirai, maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ovyo.

• Homa kali pamoja na shingo kukakamaa.

• Sikio kuziba usikivu kwa ghafla, au sikio linalotoa usaha.

• Kisunzi kipya kisichokoma hata ukilala umetulia, hasa kwa mtu mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara.

Nakumbuka mzee mmoja aliyeshikwa na kisunzi jioni akiwa mezani. Alitapika, na alipoinuka kwenda chooni miguu haikumbeba. Jamaa zake walidhani ni chakula, wakamnywesha maji ya limau, wakamlaza. Waliponiletea asubuhi, kiharusi kilikuwa kimemaliza kazi yake usiku kucha. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena katika hospitali zenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Haya hayawezekani kwa mtu aliyeachwa alale hadi kuche. Mtu mwenye kisunzi na asiyeweza kutembea hasubiri asubuhi.

Usikivu unaopotea kwa ghafla nao hauhitaji kungoja. Kuna dawa zinazoweza kuuokoa, lakini sharti zianzwe ndani ya siku chache.

NI SIKIO LIPI?

Iwapo huna dalili hata moja kati ya hizo, na kisunzi chako kina zile tabia tatu nilizotaja, hatua inayofuata ni kujua sikio lenye hitilafu. Ni vyema daktari au tabibu akupime mara ya kwanza. Kipimo hakihitaji mashine. Kinahitaji kitanda na dakika tano tu.

Ukiwa nyumbani, mwombe mtu akae kando yako. Keti katikati ya kitanda, miguu imenyooka mbele yako. Weka mto nyuma yako mahali ambapo mabega yataangukia, si kichwa. Geuza kichwa upande wa kulia kiasi cha nyuzi 45, yaani nusu ya njia ya kuelekea begani. Kisha lala chali kwa haraka, mabega yakiwa juu ya mto na kichwa kimelala nyuma kidogo juu ya godoro, bado kimeelekea kulia. Usifumbe macho. Subiri nusu dakika. Chumba kikianza kuzunguka, sikio la kulia ndilo lenye shida, na aliye kando yako ataona mboni za macho yako zikirukaruka. Kisipozunguka, keti, pumzika kidogo, urudie kwa upande wa kushoto.

ZOEZI LENYEWE

Maelezo haya ni ya sikio la kulia. Ikiwa shida iko sikio la kushoto, fanya vivyo hivyo ukibadilisha kulia iwe kushoto na kushoto iwe kulia.

1. Keti kitandani kama nilivyoeleza hapo juu, mto ukiwa nyuma ya mabega. Geuza kichwa kulia kwa nyuzi 45.

2. Lala chali kwa haraka, mabega juu ya mto, kichwa kimelala nyuma kidogo na bado kimeelekea kulia. Kisunzi kitakuja. Usiogope na usiinuke. Ngoja kitulie, kisha uhesabu sekunde 30.

3. Bila kuinua kichwa, kigeuze polepole hadi kielekee kushoto kwa nyuzi 45. Hesabu sekunde 30.

4. Sasa geuza mwili wote ulalie ubavu wa kushoto, na kichwa kigeuke pamoja na mwili hadi pua ielekee chini kwenye godoro. Hesabu sekunde 30 nyingine.

5. Teremsha miguu upande wa kushoto wa kitanda, na uinuke polepole hadi uketi, kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Kaa hapo kwa dakika chache kabla ya kusimama.

Kila hatua hapo inavisogeza vijiwe mbele ndani ya mrija, kama mtu anayegeuzageuza chupa ili punje ya mchanga iliyo ndani itoke. Hatua ya mwisho huvirudisha katika kifuko vilikotoka. Ndiyo maana hupaswi kuruka hatua wala kubadilisha mpangilio. Kisunzi kinachokujia katika hatua ya 2 ni ishara kwamba vijiwe vinasonga. Wengi huacha hapo kwa hofu, na hilo ndilo kosa lililo kubwa kuliko yote.

Fanya zoezi hili mara tatu kwa siku hadi upitishe saa 24 bila kisunzi. Wengi hupona ndani ya siku chache, na wengine mara ya kwanza tu. Baada ya hapo unaweza kuhisi kichwa kizito au kuyumba kidogo kwa siku kadhaa, hasa unapotembea. Hilo si la kutisha. Hapo zamani madaktari waliwashauri wagonjwa walale wameketi kwa siku mbili baada ya zoezi, lakini imeonekana kwamba si lazima.

NANI ASIFANYE PEKE YAKE

Zoezi hili halina dawa, lakini si la kila mtu. Usilifanye bila kumwona daktari iwapo una ugonjwa au jeraha la shingo au uti wa mgongo, umefanyiwa upasuaji karibuni wa shingo, jicho au ubongo, umewahi kupata kiharusi au kuambiwa mishipa ya shingo imeziba, au huwezi kulala chali bila kukosa pumzi. Mama mjamzito, hasa aliyekaribia kujifungua, naye amwone daktari au mkunga kwanza. Mtu aliyeanguka na kuumia kichwa apigwe picha kabla ya kugeuzwageuzwa.

ZOEZI LA PILI, LILILO RAHISI ZAIDI

Ikiwa hujui ni sikio lipi, au zoezi la kwanza linakutatiza, kuna jingine lililotolewa mwaka 1980 na madaktari Brandt na Daroff. Keti ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Geuza uso kushoto kwa nyuzi 45, kisha lalia ubavu wa kulia kwa haraka, pua ikielekea juu upande. Kaa hapo sekunde 30 au hadi kisunzi kitulie. Inuka uketi kwa sekunde 30. Geuza uso kulia, ulalie ubavu wa kushoto vivyo hivyo. Fanya mara tano kila upande, asubuhi na jioni, kwa majuma mawili.

Zoezi hili ni rahisi lakini hukawia. Mwaka 1999 madaktari wa Ujerumani waliyalinganisha mazoezi haya mawili kwa wagonjwa waliojitibu nyumbani. Baada ya wiki moja, takriban wagonjwa 6 katika kila 10 waliofanya lile la kwanza walikuwa wamepona, ilhali waliofanya hili la pili waliopona walikuwa kama 2 katika kila 10. Kwa hivyo anza na la kwanza ukiweza.

Ukimaliza wiki nzima bila nafuu, nenda hospitali. Huenda vijiwe viko katika mrija mwingine ambao una zoezi lake, au huenda shida si vijiwe kabisa.

KISUNZI CHA SAA AU SIKU NYINGI

Yapo maradhi mengine ya sikio la ndani ambayo hayatibiwi kwa mazoezi niliyoyaeleza.

Moja ni kuvimba kwa neva ya sikio, aghalabu baada ya mafua. Kisunzi huja kwa ghafla na kudumu siku nzima au siku kadhaa, mgonjwa akitapika sana. Kwa kuwa hali hii hufanana mno na kiharusi, sharti daktari amwone mgonjwa kwanza. Akishahakikishiwa ni neva, dawa za kutuliza humsaidia kwa siku mbili tatu za mwanzo. Baada ya hapo anapaswa kuinuka na kuanza kuuzoeza ubongo. Nyosha mkono mbele yako, inua kidole gumba, ukikazie macho huku ukigeuza kichwa kushoto na kulia kwa dakika moja. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Kisha simama miguu ikiwa pamoja, karibu na ukuta, na baadaye utembee ukigeuza kichwa huku na huku. Anayelala kitandani wiki tatu akingoja kisunzi kiishe huchelewa kupona.

La pili ni ugonjwa wa Ménière, uliopewa jina la daktari Mfaransa Prosper Ménière aliyeueleza mwaka 1861. Kisunzi chake hudumu kati ya dakika 20 na saa 12, na huandamana na mvumo sikioni, sikio kujaa kama lenye maji, na usikivu kupungua. Huja na kuondoka kwa miaka. Wagonjwa hushauriwa wapunguze chumvi. Shabaha nzuri ni isizidi kijiko kimoja kidogo kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyo katika mkate, kripsi na viungo vya mchuzi vya pakiti. Mgonjwa huyu anahitaji kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo.

La tatu ni madhara ya dawa. Sindano za gentamisini na streptomisini zinaweza kuharibu sikio la ndani, na kwinini huweza kuleta mvumo na kisunzi. Ukianza kuyumba au masikio kuvuma ukiwa katika matibabu hayo, mweleze daktari siku hiyohiyo. Usiache dawa kimyakimya, wala usinyamaze.

VIDONGE, TANGAWIZI NA MAFUTA YA MOTO

Watu wengi hununua vidonge vya kisunzi katika duka la dawa na kuvimeza kwa miezi. Dawa kama sinarizini na prokloperazini hupunguza kichefuchefu, lakini haziwezi kurudisha kijiwe hata kimoja mahali pake. Zikitumiwa kwa muda mrefu huuzuia ubongo kujizoeza, huleta usingizi, na kwa wazee zinaweza kusababisha kutetemeka na mwili kukakamaa kama kwa mgonjwa wa Pakinsoni. Siku chache zinatosha.

Chai ya tangawizi huweza kutuliza kichefuchefu, nami simkatazi mtu. Lakini kumbuka kazi yake inaishia tumboni. Kumwaga mafuta ya moto au mafuta ya taa sikioni, au kuchokora kwa njiti ya kiberiti, ni hatari tupu. Sikio la ndani haliguswi kutoka nje, na utakachoambulia ni ngoma ya sikio iliyotoboka.

KUISHI NA KISUNZI HADI KIPONE

Katika siku hizo, hatari iliyo kubwa ni kuanguka. Amka kwa hatua: keti kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja, kisha usimame. Weka tochi karibu na kitanda kwa safari za chooni usiku, na uondoe mikeka inayoteleza. Usiendeshe gari, usiendeshe pikipiki, usipande ngazi wala mti, na usiogelee peke yako. Ukihitaji kitu kilicho juu rafuni, mwite mtu. Kunywa maji ya kutosha, hasa ikiwa umetapika.

Ujue pia kwamba vijiwe vinaweza kutoka tena. Karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa na kisunzi katika miaka mitano. Wengine huwa wamepungukiwa na vitamini D, na kuirekebisha kumeonekana kupunguza kurudi kwa kisunzi kwa watu wa namna hiyo. Kwa hivyo kata makala haya uyaweke pamoja na karatasi zako za hospitali. Kikirudi kwa sura ileile, utajua la kufanya. Kikirudi kwa sura nyingine, rudi kwa daktari.

Na yule mama je? Nilimlaza, macho yakaruka, akapiga ukelele na kunishika mkono kwa nguvu zote. Tulipofika hatua ya mwisho alikaa kimya kitambo, akageuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto, akaniuliza, "Daktari, ni hayo tu?" Usiku ule alilala kitandani kwake. Nilimpima presha kwa siku kadhaa, nikapata kwamba haikuwa juu, nami nikamwondolea vidonge vyangu, kwani ndivyo vilivyokuwa vikimletea giza la macho kila alipoinuka. Wewe usiache dawa zako za presha kwa kusoma habari hii; nenda upimwe kwanza.

Lakini uendapo kwa daktari, usiseme tu "nina kizunguzungu". Mwambie unapofanya nini ndipo hukushika, hukushika kwa muda gani, na ni nini kingine kinachoandamana nacho. Akikuandikia dawa kabla hajakuuliza hayo, mwombe kwa heshima akusikilize kwanza. Mimi ningeambiwa hivyo, mama yule asingelala kitini kwa miezi minne.